Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Alexander Gauland

Mheshimiwa Gauland, Mbunge, Bundestag, Berlin.

Nakusalimu kutoka Tanga kwa heshima ya umri wako. Ninayokuandikia yanamhusu Bismarck, kansela wa Ujerumani wa karne ya 19.

Siasa umezianza zamani. Ulikaa miaka 40 katika CDU, chama cha kihafidhina, ukaongoza ofisi ya waziri mkuu wa jimbo la Hessen, na mwaka 2013 ukawa miongoni mwa waasisi wa AfD, chama cha mrengo wa kulia. Tangu chama hicho kianze umekuwa ukimtaja Bismarck kama mwalimu wa sera za nje, hasa mkataba wake wa 1887 na Urusi, na ukatetea madai ya Moscow juu ya Crimea, rasi ya Ukraine. Hayo ya Urusi utajibizana na Wazungu wenzako. Mimi namzungumzia Bismarck aliyefika kwetu.

Tarehe 27 Februari 1885, yeye akiwa kansela, kampuni ya mkoloni wa Kijerumani Carl Peters ilipewa hati ya ulinzi ya Kaiser. Agosti 1888 kampuni hiyo ikataka kutawala Pangani. Ofisa wake, Emil von Zelewski, akimsaka liwali, aliingia msikitini na viatu vyake miguuni na mbwa wake nyuma. Pwani nzima ikawaka. Bismarck akamtuma ofisa Hermann Wissmann na jeshi, na Desemba 1889 Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, akanyongwa Pangani hapo hapo. Jambo hili sijakusikia ukilitaja unapomsifu kansela wako.

Juni 2018 ulisema Hitler na Wanazi ni mavi ya ndege tu katika zaidi ya miaka 1,000 ya historia ya Ujerumani yenye mafanikio. Wayahudi na wengi wengine walikujibu, na walikuwa na haki. Nami nauliza: vita vya Maji Maji, wazee wetu walipopigana na utawala wa Kijerumani, umeviweka wapi katika miaka hiyo? Kati ya 1905 na 1907 majeshi yenu yalichoma mashamba na maghala kwa makusudi ili njaa imalize kazi. Waliokufa wanakadiriwa kufikia 300,000. Mwaka 2017 ulidai haki ya kujivunia askari wa Kijerumani wa vita vyote viwili vya dunia. Basi yupo na Lettow-Vorbeck, jenerali wenu wa vita vya kwanza, aliyepigana kwetu kwa migongo ya wapagazi na chakula cha wakulima. Waingereza nao walinyang'anya, siwafichi. Wagogo njaa iliyofuata waliiita Mtunya.

Desemba 2019, wewe ukiwa mwenyekiti mwenza wa wabunge wa AfD, chama chako kilipeleka Bundestag hoja ya kutaka ukoloni utazamwe pia kwa mema yake. Mheshimiwa, nani aliulizwa? Hakuna mtu wa Pangani wala Songea aliyeitwa kueleza hayo mema.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wenu Steinmeier alikuja Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika Maji Maji aliyenyongwa na Wajerumani Februari 1906, akaomba msamaha. Aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la mzee wao, linaloaminika kupelekwa Ujerumani.

Ombi langu ni hili. Simama bungeni, uikane hoja ile ya 2019 kwa kinywa chako. Suala la kurudisha mabaki ya wazee wetu likija mbele yenu, wewe na wenzako mlipigie kura ya ndiyo. Wazao wa Mbano wanataka kumzika mtu wao.

Wako,
Mwalimu wa historia, Tanga