Pilipili yangu ilikamatwa getini

Mhariri, mimi sio mtu wa kuandika andika. Mara ya mwisho niliwaandikia kuhusu giza la pale Buzuruga hapa Mwanza, nilikuwa bado sijaota mvi, na barua yenyewe hamkuitoa. Nikasema basi, nikanyamaza. Sasa ile habari yenu ya tamasha la nyama choma, ile yenye picha ya mheshimiwa kavaa aproni nyeupeee kama daktari, kashika koleo juu ya jiko ambalo halitoi hata moshi, ndo imeninyanyua. Mmeandika limefana. Mmeandika "limefikia viwango vya kimataifa". Hivi mlikula wapi nyie? Maana mi nilikuwepo.

Nachoma nyama Nyakato mwaka wa 21 huu. Tamasha linaanza tulikuwa wachomaji kumi na kitu tu, kila mtu kaja na jiko lake, pipa limepasuliwa katikati, wavu wa nondo, mkaa kwenye kiroba. Mbuzi tunajinunulia wenyewe mnadani Misungwi, na mashindano yalikuwa yanaanzia huko huko mnadani, nani kapata beberu wa maana, nani kauziwa mbuzi mgonjwa anachekwa mpaka jioni. Majaji walikuwa wazee wawili wa bucha na mama mmoja muuza ndizi za kuchoma, mbishi huyo mama, akisema yako imebabuka nje ndani mbichi hakuna rufaa. Watu walikuwa wanasimama kwenye jiko lako wanauliza, mbona makaa umeyasogeza upande mmoja, unawaambia mafuta yakidondokea kwenye makaa moto unalipuka, nyama inakuwa nyeusi kabla haijaiva, kwaiyo mbavu zinakaa upande usio na moto mkali zinajiivia taratibu, na wewe unanyunyiza maji ya chumvi kwa chupa uliyotoboa kifuniko. Wapo vijana leo wana vibanda vyao Igoma na Mkolani walijifunzia pale pale, wamesimama tu na sahani mkononi.

Sasa hivi kibanda ni laki sita, unalipa mwezi mzima kabla. Nyama huruhusiwi kuja nayo, unachukua kwa muuzaji waliyeingia naye mkataba, imegandishwa, imekatwa kwa msumeno mpaka mfupa umekuwa unga. Jiko unapewa la gesi kwa sababu mdhamini mkubwa anauza gesi. Nyama choma ya gesi jamani! Sina ugomvi na gesi mimi, chai nyumbani tunapikia gesi, na miti najua inaisha, lakini basi badilisheni jina muite tamasha la nyama ya kupashwa. Majaji mwaka huu walikuwa bwana wa masoko wa kampuni ya vinywaji, dada mmoja maarufu wa mtandaoni ambaye alitamka mwenyewe kwenye maiki kwamba mbuzi huwa hali, anasikia harufu, na MC. Ikashinda hoteli. Kilichoniuma sio hoteli kushinda, kilichoniuma ni kwamba yule kijana aliyechoma hakuitwa jukwaani, alipanda meneja na suti yake akapokea hundi ya bango, kijana yuko nyuma ya hema anaosha sinia.

Alafu getini. Mi mwaka huu sikushindana, laki sita sina, nimeenda kama mteja na kijana wangu wa kazi, kiingilio elfu 15 kila mmoja. Nimebeba pilipili anayotengeneza shemeji yangu, pilipili mbuzi na ndimu na karoti kidogo, iko kwenye chupa ya maji ya nusu lita, nyama siwezi kula bila hiyo na kila mtu Nyakato anajua. Mlinzi kaishika kama kashika petroli. "Mzee, hii hairuhusiwi." Kwanini? "Ndani kuna sosi ya mdhamini." Nikadhani anatania. Hatanii, ana boksi kabisa chini ya meza limejaa ndimu za watu, pakiti za chumvi, chupa ya uji wa mtoto wa mtu. Chumvi, mhariri, imekamatwa kwenye tamasha la nyama choma! Tumeingia, hela taslimu hawapokei, unajaziwa kwenye kadi, nikajaza elfu 20, foleni dakika arobaini kwenye jua, sahani moja ya mishkaki mitatu na chipsi 12,500, soda mbili kila moja 1,900, ikabaki 3,700 ambayo hainunui chochote mle ndani na hairudishwi. Nani anauza soda 1,900 nchi hii? Bei imepangwa hivyo ili hela ibaki kwenye kadi, mi nimefanya biashara miaka 21 sidanganywi kwa hesabu ndogo hizo. Na hiyo sosi ya mdhamini ni tamu kama jamu.

Na hayo mambo ya kimataifa, nina mpwa wangu yuko Marekani, Tennessee, nikampigia. Kumbe Memphis huko wana mashindano makubwa ya nyama ya moshi tangu 1978, yalianzia kwenye eneo la kuegesha magari, mwaka wa kwanza akashinda mama mmoja aliyelipa dola 12 kushiriki akaondoka na dola 500. Yakahamia kwenye bustani ya kando ya mto Mississippi yakawa makubwa, timu zina mahema ya ghorofa na wadhamini wao, na mpwa anasema alilipa akaingia akijua atakula, kumbe ya kwenye mahema hauuziwi, sheria za afya, unaonja ukiwa umealikwa. Kanusa tu karudi. Baadae wakavutana mambo ya ile bustani ya mtoni, na 2024 yakawa mashindano mawili wiki moja, mapya yakafanyika pale mtoni, yale ya zamani yakahamishiwa kwingine. Ndo kimataifa kwenyewe huko. Sisi tuna haraka ya nini?

Tena hili tamasha letu limenikumbusha ufukwe wa ziwa. Tamasha likija linazungushiwa mabati mpaka kwenye maji, likiondoka mabati mengine yanabaki, mwaka unaofuata yamekuwa ukuta. Tulivyokuwa wadogo kutoka Kirumba unashuka ziwani unaoga unarudi, leo mtoto anazunguka nyumba ya kulala wageni, baa, na geti lenye mbwa ndo aone maji ya Victoria. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu haziruhusiwi, sasa hizo mita huwa wanapima na nini, na kijiko? Nendeni mkapige picha na hiyo.

Mi nashauri hivi, kama waandaaji wanasoma. Mwakani majaji wawe watatu, mzee wa mnadani, mama wa ndizi kama bado ana nguvu, na dereva bodaboda aliyefika saa kumi jioni hajala tangu asubuhi, huyo hanunuliki. Aliyechoma ndo apande jukwaani, meneja aoshe sinia. Mheshimiwa akitaka kupigwa picha awashe mkaa mwenyewe kwanza, kwa mdomo, bila mafuta ya taa.

Na ile chupa ina kifuniko cha bluu, nimeiandika "SHEMEJI" kwa maka peni. Tulivyotoka saa moja usiku boksi halikuwepo na mlinzi kabadilishwa. Hiyo 3,700 wanaweza kubaki nayo.

Mchomaji,
Nyakato, Mwanza