Mapato na matumizi ya kijiji yawasilishwe, yasisomwe tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watendaji wa vijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na ajenda inayowatoa wengi nyumbani ni mapato na matumizi. Mtendaji husimama, akainamia karatasi yake, akasoma: "Milioni moja mia mbili themanini na nne elfu mia sita hamsini." Akifika kifungu cha tatu, cha kwanza kimeshasahaulika. Watu wakianza kuguna, wanaambiwa wakorofi.

Kinachohitajika ni bango kitita, yaani karatasi kubwa za kubandika ubaoni, na kalamu rashia, ile ya wino mzito. Karatasi ile ina upana wa sentimita 60 hivi na urefu wa 84. Aliyekaa mita 10 nyuma anataka herufi ya sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu. Ukiisimamisha karatasi, mstari unabeba herufi kama 18 tu: "Ushuru wa soko" unaingia, tarakimu zake hazina pa kukaa. Ilaze. Hapo unapata herufi kama 27 kwa mistari saba: kichwa, vifungu vitano, jumla. Vikizidi, chukua karatasi nyingine, usibananishe. Tumia wino mweusi au wa buluu. Mwekundu hufifia kwa mbali, uuache uwe wa kupigia mstari tu. Ukimaliza, bandika ukutani, rudi nyuma hatua 13, usome. Wengi huiruka hatua hii, ndiyo maana kosa hugunduliwa mbele ya watu.

Karatasi ya kwanza iwe na mistari minne tu. Tuseme salio la mwanzo ni Sh 640,000, mapato 2,150,000, matumizi 1,930,000, salio la mwisho 860,000. Salio la mwanzo likipishana hata kwa shilingi elfu moja na lile lililotangazwa robo iliyopita, mkutano umeishia hapo, na hakosekani mzee aliyeliandika kwenye daftari lake. Lilinganishe na muhtasari wa mkutano uliopita kabla hujaandika chochote. Onyesha pia kiasi gani kiko benki na kiasi gani kiko mkononi, na kwa tarehe ipi.

Kifungu cha "Mengineyo" ndicho mama wa fujo. Kikizidi sehemu moja ya kumi ya matumizi yote, kivunje: nauli, vifaa vya kuandikia, chai ya vikao. Chai ya vikao isifichwe. Ikionekana wazi itaulizwa mara moja, ikifichwa itaulizwa miaka.

Unapozungumza, tarakimu kamili ibaki kwenye karatasi, mdomoni itoke kama watu wanavyohesabu: "milioni moja na laki tatu kasoro kidogo." Kisha ipe umbo. Kama mfuko wa saruji ni Sh 18,000, basi Sh 1,800,000 ni mifuko 100. Sasa kila mtu anaweza kwenda kwenye darasa linalojengwa akauliza mifuko iko wapi. Nyoosha kidole kwenye mstari, nyamaza kidogo, geuka, ndipo useme. Anayeongea na karatasi husikiwa na karatasi.

Mikutano mingi ni ya alasiri, chini ya mti. Usiweke ubao upande wa magharibi, watu watakodolea jua badala ya hesabu. Pembe za chini zishikwe na vibanio vya nguo, upepo hauna adabu. Na ajenda hii isiwekwe mwisho, baada ya wageni na matangazo, saa ambayo akina mama wameshaondoka kwenda kupika.

Maelezo yatosheke kwa dakika 20, maswali yapewe 40. Rudia swali kwa sauti kabla ya kujibu, kwani waliokaa mbele hawajamsikia wa nyuma wala wa nyuma hawajamsikia wa mbele. Faili la risiti liwe mezani, limepangwa kwa namba zilezile za vifungu. Kulipekua dakika tano mbele ya umati ni sawa na kukiri. Jibu likikosekana, usiseme "tutalifuatilia". Andika swali kwenye karatasi ya mwisho, jina la atakayelishughulikia na tarehe, kisha karatasi hiyo ikunjwe, itunzwe, iwe ya kwanza kubandikwa robo ijayo.

Mkufunzi wa watendaji wa vijiji,
Morogoro