Swahiba, hawa Waitaliano wanachoma kama wewe

Swahiba wangu,

Salamu nyingi toka Kampala, natumai mama na watoto wote wazima huko Arua. Sisi huku tuko poa, kazi tu ndo nyingi. Leo nakuandikia habari ya makaa kwa hiyo mchoma nyama kama wewe najua utasoma mpaka mwisho.

Kuna restoranti ya Kiitaliano huku, bosi alitupeleka jioni baada ya kazi. Watu wakisikia Kiitaliano wanafikiria pitsa na pasta, sasa hawa jiko lao la makaa liko wazi mbele ya wateja, na karibu kila kitu kwenye menyu kinapita motoni. Nilivuta kiti karibu na mchomaji nikawa namuangalia yeye tu, maana kila alichofanya nilikuwa nakuona wewe.

Nyama yao kubwa inaitwa bistecca alla fiorentina, asili yake Firenze kule Toscana. Inakatwa kiunoni kwa ng'ombe pamoja na ule mfupa wa umbo la T, nene vidole vitatu hivi, pande moja kilo na zaidi. Jamaa hakuiweka mpaka miali ikaisha na makaa yakashika jivu jeupe. Unajua mwenyewe, mafuta yakidondokea kwenye miali nyama inashika masizi inakuwa chungu, yakidondokea kwenye kaa lililotulia ndo unapata ule moshi mtamu. Basi akaiweka kavu, hakuna viungo, hakuna sosi, dakika chache upande huu akageuza mara moja tu, halafu akaisimamisha kwa mfupa wake, akaitoa akaiacha ipumzike kwenye ubao ndo akakata na kumwagia chumvi. Ndani nyekundu kabisa! Wateja wako najua wataikataa, hata mezani kwetu mmoja aliomba irudishwe motoni, lakini mimi nilikula mpaka nikaguguna mfupa.

Kuna na mishikaki ya kondoo, arrosticini, chakula cha wachungaji wa milima ya Abruzzo. Vipande vidogo vidogo vijitini, chumvi tu basi, na jiko lake ni jembamba refu kama mfereji wa bati ili nyama ipate moto na ncha za vijiti zisiungue. Hilo fundi wako wa vyuma anakutengenezea bila shida, mpe tu vipimo.

Sasa sikia hii, ndo imenifanya nishike simu niandike. POSHO, ugali wetu huu. Waitaliano wa kaskazini wana posho yao ya mahindi, polenta, rangi ya njano, wanapika wanaimwaga kwenye sinia ipoe igande, wanakata vipande wanapaka mafuta wanaweka juu ya makaa mpaka ipate mistari myeusi. Nje inakauka inakuwa ngumu kidogo, ndani laini. Wewe kila usiku unabaki na posho kwenye sufuria! Ipike ngumu kidogo, ilaze usiku kucha, asubuhi kata vipande, na wavu uwe wa moto sana kabla hujaweka la sivyo itanata. Ukiitoa na mbuzi wako na kachumbari watu watapanga foleni, nakwambia.

Na makaa tafadhali angalia unanunua kwa nani. Amri ya Rais ya 2023 ilipiga marufuku makaa ya biashara huko kaskazini mwa Uganda, na bado miti ya shea, ile ya mbegu za mafuta, inakatwa, mti unaokaa miaka 15 na zaidi ndo uanze kuzaa vizuri. Inaniuma sana hiyo. Mwenye gunia akishindwa kukuambia ni mti gani, mwache aende.

Mwezi ujao ukishuka Kampala kununua vitu tutaenda wote pale, nalipa mimi. Tuende mapema kabla watu hawajajaa ili uongee na mchomaji, ni mtu mzuri, anajibu maswali. Ila hiyo posho usisubiri safari, jaribu wiki hii unitumie picha.

Msalimie mama sana.

Ndugu yako