Barua kwa mwanangu: zile picha za kauboi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku wazima, bibi yako tu anauliza utakuja lini.

Ujumbe wako nimeusoma, kwamba picha za kauboi ni za kibaguzi na huziangalii tena. Ubaguzi umo, sikubishii. Katika The Searchers ya mwaka 1956, Scar, mkuu wa Wakomanchi, kabila la Wahindi Wekundu, na adui wa steringi, kachezwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani, macho ya buluu yanaonekana kabisa. Wanavaho, kabila jingine, wenyeji wa Monument Valley ambako picha ilipigwa, wamejazwa nyuma yake wajifanye Wakomanchi.

Mimi kinachoniudhi zaidi ni wale waliofutwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya makauboi halisi, robo hivi walikuwa weusi. Ufundi wa kunasa ng'ombe kwa kamba juu ya farasi waliupata kwa Wameksiko. Bass Reeves alizaliwa mtumwa, na mwaka 1875 akapewa beji ya serikali kuu ya Marekani awakamate wahalifu. Hebu nitajie steringi wa enzi zile aliyefanana naye! Yupo Herb Jeffries, aliyeimba na kupanda farasi katika Harlem on the Prairie mwaka 1937, ila picha zake zililengwa kumbi za watu weusi.

Sasa mtafute Woody Strode. Kabla ya sinema alicheza mpira wa Kimarekani, na mwaka 1946 yeye na Kenny Washington ndio waliorudisha wachezaji weusi kwenye ligi ya NFL. John Ford, mwongozaji huyo huyo wa The Searchers, akampa picha ya Sergeant Rutledge mwaka 1960. Strode ni Rutledge, sajenti wa kikosi cha wapanda farasi weusi, kashtakiwa kwa kumbaka na kumuua binti wa kizungu. Picha imebeba jina lake, lakini jina linalotangulia kwenye orodha ya waigizaji ni la mzungu, Jeffrey Hunter. Fika pale mwendesha mashtaka anapombana: ulikwisha kutoroka, ulirudi kufanya nini? Anajibu kuwa kikosi kile ndicho nyumba yake, uhuru wake na heshima yake. Hapo mwangalie yeye tu, huyo mwendesha mashtaka mwache apayuke.

Miaka miwili baadaye, katika The Man Who Shot Liberty Valance, Ford kamrudisha kuwa mtumishi wa steringi John Wayne. Yumo darasani, mtu mzima kati ya watoto, anasoma Azimio la Uhuru la Marekani kwa kichwa, na anasahau papo hapo penye maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu anamwambia wengi hupasahau hapo. Kisha Wayne anaingia na kumfukuza arudi kazini. Ukiacha kuziangalia, haya utayajuaje?

Anza na Rutledge. Buck and the Preacher ya Sidney Poitier, ya mwaka 1972, usiiguse. Hiyo tutaiangalia wote Desemba. Na ukinipigia, usinipigie saa ya taarifa ya habari.

Ni mimi,
Mama