Mama mdogo, kondoo wa Zaburi hawanyamazi

Shikamoo mama mdogo,

Natumaini mguu unaendelea vizuri na ile fimbo ya kutembelea uliyokuwa ukiikataa sasa umeizoea. Naandika haya hadharani kwa ruhusa yako, bila jina lako wala la kanisa, kwa sababu uliniambia wapo akina mama wengi waliobaki nyumbani kama wewe na hawana wa kumweleza.

Siku ya Pasaka nilikupigia simu nikitaka tusome Zaburi ya 23 kama tulivyozoea tangu babu akiwa hai. Ukanikatiza: "Mwanangu, usinisomee tena habari za kondoo." Halafu ukaniuliza kama huku mvua zimenyesha. Usiku ule sikupata usingizi.

Najua maneno yale yalikotoka. Ulivunjika mguu, ukalala ndani wiki tisa, na wa kanisani hakuja hata mmoja. Kilichokuja ni ujumbe wa simu wa kukukumbusha ahadi yako ya ujenzi. Ulipopata nafuu ulikwenda kwenye mkutano wa waumini ukauliza, kwa adabu zako zote, mabati yaliyochangiwa yako wapi. Jumapili iliyofuata ikasemwa madhabahuni kwamba kondoo hamuulizi mchungaji wake wanakwenda wapi. Watu wakageuka kukutazama.

Na mimi nina sehemu yangu. Uliponisimulia nilikujibu, "Acha tu mama, imeandikwa msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Mungu, nikimaanisha mchungaji. Nilidhani nakutuliza, kumbe nakuziba mdomo. Naomba unisamehe. Tangu siku hiyo nimekaa na Biblia, nikianzia andiko hilohilo nililokurushia.

Liko katika Zaburi ya 105, mstari wa 15. Ukianza kusoma mistari sita nyuma utaona linamhusu nani. Ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, wakati walipokuwa watu wachache, wageni katika nchi, wanatangatanga kutoka taifa hili hadi taifa lile. Hawana jeshi, hawana ardhi. Mungu hakumwacha mtu awaonee, na kwa ajili yao aliwakemea hata wafalme. Kwa hiyo "masihi wangu" pale ni wanyonge wasio na mtetezi, na wanaoambiwa wasiguse ni wenye nguvu. Mimi nililigeuza andiko kichwa chini miguu juu: nikachukua maneno yaliyomkemea mfalme nikamkemea nayo mjane.

Nikaendelea, nikafika kwenye neno lenyewe, mchungaji. Mama mdogo, wewe umechunga. Wewe ndiye uliyenifundisha kutofautisha kwa mbali kondoo na mbuzi, maana kondoo wetu hawana sufi na mgeni huwachanganya: ukaniambia nitazame mkia, wa mbuzi umesimama na wa kondoo unaning'inia. Basi unajua kwamba kwetu mchungaji na mwenye mifugo ni watu wawili. Mchungaji ni kijana aliyeajiriwa, au mtoto wa nyumbani aliyetumwa. Jioni kundi likirudi, mwenye mali anasimama mlangoni mwa zizi na kuhesabu. Akipungua mmoja, mchungaji anajieleza. Kama ameliwa na fisi, alete kilichobaki, walau ngozi au sikio, ajulikane kwamba hakumuuza.

Ndivyo ilivyokuwa kwao pia. Sheria ya Musa, katika Kutoka 22, inasema mnyama aliyekabidhiwa mtu akiraruliwa, huyo mtu alete mabaki yawe ushahidi. Na Amosi, ambaye kabla ya kutumwa kutabiri alikuwa mchunga wanyama wa Tekoa, kusini mwa Bethlehemu, anataja mchungaji anayepokonya kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Nilikuwa nikiusoma mstari huo bila kuuelewa. Sasa naona ni mtu wa kazi anayetafuta cha kumwonyesha tajiri wake jioni.

Zamani wafalme wa mashariki walijiita wachungaji. Hammurabi wa Babeli alijiita hivyo katika utangulizi wa sheria zake, na Farao alichorwa ameshika fimbo yenye kichwa kilichopinda kama ya mchungaji. Neno hilo lilikuwa sifa ya mtawala, na Israeli nao walilitumia kwa wafalme wao. Lakini manabii walipolitumia walikumbusha kila mara kundi ni la nani. Katika Ezekieli 34 Mungu anarudia rudia "kondoo zangu", "kondoo zangu", kama mtu aliyerudi safari akakuta zizi limevunjwa.

Sura hiyo ndiyo ninayotamani uisome kabla hujaamua kuachana na habari za kondoo. Ezekieli alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka na Wababeli mwaka 597 KK pamoja na mfalme Yekonia. Aliishi na mateka wenzake kando ya mto Kebari, huko Babeli, akisubiri habari za nyumbani. Kama miaka kumi na moja baadaye Yerusalemu ukaanguka. Mfalme Sedekia, mchungaji wa mwisho wa kundi lile, aliona ukuta umebomolewa akatoroka usiku kwa njia ya bustani ya mfalme. Walimkamata katika nchi tambarare ya Yeriko. Watu wake aliwaacha ndani na njaa yao. Katika Ezekieli 33 anafika mtu aliyeokoka, na habari yake ni fupi: mji umepigwa. Fungua ukurasa unaofuata, na huu ndio unabii unaoukuta:

"Ole wao wachungaji wa Israeli, wanaojilisha wenyewe! Je! Haiwapasi wachungaji kuwalisha kondoo?"

Ona wakati wenyewe. Watu wamepoteza mji, hekalu na watoto. Ungetarajia waambiwe, "Kondoo nyie, mlikosea, tubuni." Walishaambiwa hayo sana katika sura zilizotangulia. Lakini hapa Mungu anaanza na wenye fimbo mkononi, na mashtaka anayataja moja moja. Mnakula walionona, mnajivika manyoya, lakini kondoo hamwalishi. Wagonjwa hamkuwatia nguvu. Waliovunjika hamkuwafunga. Mama, nilipofika hapo kwenye waliovunjika nilifunga kitabu kidogo, nikaona mguu wako na ule ujumbe wa simu.

Kisha anasema kondoo wake atawataka mikononi mwao. Hiyo ndiyo hesabu ya jioni. Mwenye mali amesimama mlangoni mwa zizi, na yule kijana wa kazi anajikunakuna kichwa.

Sura haiishii hapo, na sehemu inayofuata sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Kuanzia mstari wa 17 Mungu anawageukia kondoo wenyewe na kuhukumu kati ya wanono na waliokonda. Wanono wamekula malisho mazuri, kisha yaliyobaki wakayakanyaga; wamekunywa maji safi, yaliyobaki wakayavuruga kwa miguu. Wanawasukuma wenzao kwa ubavu na kwa bega, na kuwapiga pembe mpaka wanatawanyika nje. Wewe umeona jambo hili kisimani miaka ya ukame, dume nono likiziba birika lote peke yake. Mimi nimeliona katika ule mkutano wa waumini ulionisimulia. Mchungaji alikuwa mmoja tu. Waliokugunia na kukukwepa njiani siku ya pili walikuwa wengi. Na nisijitoe, maana bega langu pia lilikuwamo, kwa njia ya simu.

Yeremia, aliyebaki Yerusalemu, alikuwa amesema ya namna hiyo mapema. Katika sura ya 22 anamlilia ole mfalme Yehoyakimu kwa kujenga nyumba pana yenye madirisha makubwa, mbao za mierezi na rangi nyekundu, huku aliowatumikisha hawalipi. Anamuuliza kama mierezi ndiyo inayomfanya mtu kuwa mfalme. Mbele kidogo kuna tamko ambalo mfugaji ataliona kwa macho yake: wachungaji wenu, wao watachungwa na upepo. Wewe ulimuuliza mtu habari ya mabati. Nabii alimuuliza mfalme habari ya mbao. Mnasimama foleni moja.

Sasa nirudi kwenye Zaburi, maana ndizo ulizokuwa ukizipenda. Uliambiwa kondoo hasemi. Nimewatafuta kondoo wa Zaburi, na hao, mama mdogo, wanasema sana. Zaburi ya 74 imeimbwa hekalu likiwa limechomwa moto, na mstari wa kwanza kabisa kondoo wa malisho wanamuuliza Mungu mwenyewe mbona amewatupa, mbona hasira yake inatoka moshi juu yao. Zaburi ya 80 inamwita Mchungaji wa Israeli, na neno linalofuata ni "usikie". Halafu inamuuliza atakasirika mpaka lini, na kumwambia amewalisha mkate wa machozi. Fikiria kondoo akimwambia mchungaji wake malisho uliyonipa ni machozi! Zaburi ya 44 inasema tunahesabiwa kama kondoo wa kuchinjwa, kisha inampigia Mungu kelele aamke, kwa nini amelala. Hizi ni nyimbo za ibada. Ziliandikwa, zikatiwa sauti, zikaimbwa na kwaya mbele za Bwana, na hakuna mahali aliposema kondoo wake wamekosa adabu. Ikiwa Mchungaji Mkuu mwenyewe anaulizwa na kundi lake "mpaka lini?", huyu wa mabati ni nani hata asiulizwe?

Najua kuna andiko watakalokujibu nalo, Isaya 53, kondoo anyamazaye mbele ya wakatao manyoya. Na kweli sote tumeona: mbuzi akishikwa hupiga kelele kijiji kizima kikajua, kondoo hulala kimya. Lakini anayenyamaza katika Isaya 53 ni Mtumishi, aliyejitoa mwenyewe kwa ajili ya waliopotea. Kimya kile ni zawadi yake. Hakuna mahali katika sura ile ambapo mwenye kisu anamwamuru kondoo anyamaze.

Nisiwe mkosefu wa shukrani. Wapo wachungaji wanaobeba kundi kweli, na wewe na mimi tulimjua mmoja, yule mzee wa baiskeli aliyemzika bibi kwenye mvua, akakaa nasi siku tatu akila mlenda wetu. Hakuwahi kutuambia tusiulize. Isaya 40 inamchora mtu wa namna hiyo: wana-kondoo anawachukua kifuani, na wanyonyeshao anawaongoza polepole. Neno hilo "polepole" limeandikwa na mtu aliyewahi kuchunga. Yakobo naye alimwambia Esau kwamba akiwaharakisha siku moja tu, kundi lote litakufa. Babu alikuwa na kanuni ileile: tembea mwendo wa mama mwenye mimba. Mguu uliovunjika nao una mwendo wake.

Bado kitu kimoja kuhusu Zaburi ya 23. "Gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Gongo lile ni rungu, lile ambalo wachungaji wetu hulichomeka kiunoni, na fimbo ni ile ndefu ya kuegemea na kuongozea. Daudi alimweleza Sauli alivyomfuata simba na dubu akampokonya kondoo kinywani mwake. Rungu ni la huyo simba. Kondoo anafarijika akiliona kwa sababu anajua halikuletwa kwa ajili ya mbavu zake. Kama wewe uliliona rungu ukaogopa, basi lilikuwa limeelekezwa kusikostahili, na hofu yako ilikuwa na akili kuliko shauri langu.

Sikuombi urudi kanisani kwa wale. Hilo ni lako, na pengine uko penye malisho mengine ambayo mimi siyaoni. Ninachoomba ni kwamba wasikuchukulie Zaburi yako. Ilikuwa yako kabla hawajajenga, uliijua kwa moyo ukiwa binti unayechunga kondoo wa babu.

Nimesoma pia mwisho wa Zaburi ya 119, ile ndefu kuliko zote. Baada ya mistari 175 ya kuisifu sheria ya Mungu, mwimbaji anamalizia kwa kukiri kwamba ametanga kama kondoo aliyepotea, kisha anaomba, "umtafute mtumishi wako." Haahidi kwamba atarudi mwenyewe. Anaomba atafutwe. Nilikumbuka usiku ule hesabu ilipopungua mmoja, nawe ukatangulia na taa ya chemli, babu nyuma yako, mimi nimeshika khanga yako kwa hofu ya fisi. Tulimkuta amekwama kwenye miiba ya korongo. Hakulia hata kidogo mpaka aliposikia sauti yako, ndipo akaanza kulia bila kukoma, njia nzima, mpaka nyumbani, amelala mabegani mwa babu. Babu akacheka akasema mwacheni alie, ana ya kusema.

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na basi la asubuhi. Nitakuletea dawa ya kuchua mguu na unga wa uwele. Biblia ya babu nitaiweka begini. Kama hutaki tusome, tutakaa tu barazani, na wewe utanisimulia habari ya mabati tangu mwanzo, nami safari hii sitakukatiza.

Mwanao