Malalamiko: rangi yenu ya "salama kwa seli hai" imeniulia mayai ya chaza

Kwa Meneja Mauzo,

KUH: RANGI YA HOECHST 33342 MLIYONIUZIA

Habari ya kazi. Mimi ni yule mteja wa Malindi aliyepiga simu mara tatu wiki iliyopita, na ile ya tatu kijana wenu akaniambia "labda seli zako ni dhaifu", hapo ndo nikaona bora niandike manake kwa simu ningetukana.

Kazi yangu ni mayai ya chaza. Tuna kachumba hapa karibu na bahari na maikroskopu moja ya mtumba yenye taa ya fluoresensi, tunatungisha mayai alafu tunafuatilia yanavyojigawa, moja mawili, mawili manne, kesho yake ukichungulia unakuta mabuu yanaogelea na kakombe ka umbo la herufi D. Nilitaka kuona kiini cha seli kikigawanyika yai likiwa hai. Nyinyi mkaniambia chukua hii Hoechst, inashika DNA ikang'aa buluu, na kwenye chupa mmebandika kabisa SALAMA KWA SELI HAI.

Nikafuata karatasi yenu, mikrogramu 10 kwa mililita, nikangoja nusu saa, nikawasha taa. Wallahi palikuwa pazuri, kila yai na kitone cha buluu katikati kama mataa ya ngalawa usiku. Nikawa napiga picha kila dakika 5. Baadae naona mbona vitone havisogei. Mayai yalifika seli mbili yakagoma, mengine yakatoa mapovu pembeni, hadi jioni ni uji mtupu.

Nikadhani maji. Nikadhani joto, maana stima ilipotea siku hiyo. Basi kesho yake nikachukua mayai ya chaza mmoja nikayagawa visahani vitatu. Yasiyo na rangi lakini yamepigwa taa yalienda vizuri, machache tu yalichelewa. Yenye rangi niliyoyafunika foili yakajigawa ila polepole. Yenye rangi na taa, yaleyale ya jana. Sasa hapo seli dhaifu ni zipi na yote ni tumbo moja?

Na hii si siri jamani. Rangi hii inapenya seli hai kirahisi kuliko DAPI, ile rangi nyingine ya DNA, inajibandika kwenye kale kafereji kembamba ka DNA, hasa penye herufi A na T nyingi za DNA, na pale pale ndipo vimeng'enya vya kukunjua DNA vinataka kupita, topoisomerasi mmojawapo. Alafu ili iwake lazima uipige ultravaioleti ya kama nanomita 350, ambayo peke yake inaumiza DNA, na rangi ikishanyonya huo mwanga inazidisha madhara. Hamkuandika hata mstari mmoja kuhusu taa!

Nilipopunguza hadi mikrogramu 1, taa hafifu, picha kila dakika 20, mengi yalifika asubuhi. Kwa hivyo kazi inafanya, mliyoharibu ni karatasi.

Huyo kijana pia akataka kuniuzia SiR-DNA, rangi nyingine ya DNA, ghali kweli, ati hiyo haidhuru kabisa. Ni kweli inatumia mwanga mwekundu, nanomita 650 hivi, ambao ni mpole kwa seli. Lakini mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba nayo inaweza kuleta dalili za DNA kuumia na kuchelewesha seli kugawanyika. Mwambieni asome kabla hajauza.

Nataka pesa yangu, hiyo moja. Pili hayo maneno kwenye chupa yatoke, muandike kipimo kidogo, muandike habari ya taa, na mtu ajue lazima aweke kisahani kisicho na rangi pembeni. Mayai yenyewe hamuwezi kunilipa, nangoja tena chaza wakomae.

Chupa iliyobaki iko kwa friji, nimeizungushia foili. Mkituma mtu aje kuichukua asije Ijumaa mchana, hatanikuta.

Mteja wenu,
Malindi