Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Leseni anayo, kazi hana

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Yah: Wauguzi wenye leseni wanaokaa bila kazi, na waliosomea nje wanaozungushwa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya mkoani Tabora, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita katika wodi ya wazazi. Siandiki kwa niaba ya chama wala ya mwajiri wangu. Naandika kwa sababu sioni zamu inayopita bila kijana aliyefuzu, akafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, akapewa leseni, na bado hana mwajiri. Anakuja kujitolea. Na kwa kweli bila yeye wodi haiendi.

Tazama inavyokuwa usiku. Mama amejifungua na damu haikatiki. Mmoja anakanda mfuko wa uzazi, mwingine anatafuta mshipa na kuandaa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikate, wa tatu yuko na mtoto ambaye bado hajalia. Hao ni watu watatu kwa mama mmoja, na kitanda cha pili kuna mwingine ambaye njia imeshafunguka. Mwajiriwa wa zamu hiyo mara nyingi ni mmoja. Wengine ni hao wanaojitolea, ambao mwisho wa mwezi wanapata nauli kama mapato ya ndani yameruhusu, na yasiporuhusu wanaambiwa wavumilie.

Kuna jambo hapa ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Anayejitolea hana mkataba, hana bima, hana likizo, lakini leseni ni yake. Likitokea kosa usiku ule, yeye ndiye atakayeitwa kujieleza mbele ya Baraza, sawasawa na mimi mwenye mshahara. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtazama muuguzi aliyesajiliwa, haiulizi kama analipwa. Kwa hiyo wajibu tumempa wote, na haki hatujampa hata moja. Mheshimiwa, hilo linaniumiza kuliko hata suala la fedha.

Wengi wa vijana hawa wamesoma stashahada miaka mitatu baada ya kidato cha nne, wakiwa wamefaulu biolojia na kemia. Mikopo ya Serikali imeanza kuwafikia wa ngazi hiyo juzijuzi tu, kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, na si wote. Kabla ya hapo ilikuwa ni ng'ombe wa baba, mpunga wa mama, mchango wa ukoo. Nyumbani wanasubiri matunda. Kijana anamaliza chuo, anafaulu mtihani wa usajili na leseni, anarudi kijijini na watu wanamwita nesi. Mwaka unapita. Anaitwa nesi na hana hata dawa ya kuchoma sindano.

Najua ajira hazitoki ofisini kwako peke yako. Kibali kinatoka Utumishi, vituo viko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, usaili unaendeshwa na Sekretarieti ya Ajira. Najua pia Serikali imeajiri. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 7,612 za kada za afya, na mwaka 2023 zikawa 8,070. Lakini nafasi hizo ni za madaktari, wafamasia, wataalamu wa maabara na wengineo pamoja na wauguzi, na foleni iliyokuwa inasubiri ilianza kujipanga tangu ajira ziliposimamishwa mwaka 2016 kwa ajili ya kuwasaka watumishi hewa na vyeti feki. Kisha Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada, na wauguzi waliokuwa wakilipwa na miradi kwenye kliniki za tiba na matunzo ya VVU nao wakajikuta nje. Watu wenye uzoefu wa miaka wameingia foleni ileile na mtoto aliyetoka chuo jana.

Huko kwenye foleni kuna mchujo wa maandishi, kuna vitendo, kuna mahojiano ya ana kwa ana. Aliyefaulu na nafasi zikaisha anawekwa kwenye kanzidata asubiri. Siukatai usaili, waombaji ni wengi na lazima uwepo utaratibu wa haki wa kuchagua. Ninachouliza ni kwa nini maswali ya mchujo yarudie yaleyale ambayo Baraza lilishampima na kumpitisha, wakati miezi aliyokesha wodini akijitolea haihesabiwi kwa njia moja inayoeleweka nchi nzima. Hospitali moja inampa barua ya kujitolea, nyingine inamnyima kwa hofu kwamba atakuja kudai ajira. Ipo iliyowahi kumwambia kijana ninayemfahamu kwamba barua yake haionekani, aanze upya. Alishakaa pale zaidi ya mwaka.

Wakati hayo yakiendelea, dunia inatuhesabu miongoni mwa wenye uhaba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 ambazo mataifa tajiri yanaombwa yasiende kuchukua watumishi wake wa afya bila makubaliano ya serikali kwa serikali. Tanzania imo. Wakala wa ajira wa nje akifuata orodha hiyo atamwambia muuguzi wetu kwamba nchi yake inamhitaji mno. Nchi hiyo inayomhitaji ndiyo haijampa kazi. Siwezi kumlaumu anayeanza kukusanya karatasi za Uingereza au Saudi Arabia, anayelipia mtihani wa Kiingereza kwa fedha za kukopa. Ninachotaka ni awe na sababu ya kubaki.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Uuguzi, na ukunga zaidi, unakaa mikononi. Kichwa kinakumbuka ukurasa, lakini kumpa pumzi mtoto asiyelia katika dakika yake ya kwanza ni kazi ya mikono iliyozoea. Tuna ushahidi wa nyumbani kabisa. Mradi wa Safer Births ulioanzia kwenye utafiti wa Hospitali ya Haydom uliingia katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kiini chake kilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, kwa mdoli na kwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo ya mtoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya akina mama vilipungua kwa takribani asilimia 75 katika vituo hivyo, na vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40. Taifa zima nalo limepiga hatua. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015/16. Kama mazoezi ya dakika chache kila wiki yanaokoa kiasi hicho, fikiria basi miaka mitatu bila mazoezi inafanya nini. Tunampokea muuguzi huyo siku anapopangiwa kituo, tena mara nyingi zahanati ya mbali ambako atakuwa peke yake usiku, na tunamwita mtaalamu kwa sababu leseni yake iko hai.

Na leseni yenyewe haikai hai bure. Inahuishwa kwa ada na kwa alama za mafunzo endelevu ya kitaaluma. Mwajiriwa anapata alama kazini, kwenye semina, kwenye mafunzo ya Alhamisi asubuhi pale wodini. Aliyeko nyumbani anazipata wapi? Analipa ada kwa fedha ya kuuza maandazi, anatafuta alama mtandaoni kwa bando la kuazima, ili tu tangazo la ajira likitoka asikwame kwenye kiambatisho.

Mwenye shahada ana angalau mwaka mmoja wa utarajali baada ya chuo, akiwa na posho na msimamizi. Mwenye stashahada, ambaye ndiye atakayekuwa peke yake zahanati, hana. Anatoka darasani moja kwa moja hadi kwenye kusubiri. Naona tumeligeuza: anayehitaji zaidi kushikwa mkono ndiye tuliyemwachia mapema. Naomba, Mheshimiwa, uanzishwe mwaka wa kazi chini ya usimamizi kwa kila muuguzi wa stashahada anayefaulu mtihani wa Baraza, wenye posho hata kama ni ndogo, na uhesabike kwenye leseni na kwenye usaili. Hospitali za wilaya tunao uwezo wa kuwasimamia. Tayari tunawasimamia, ila kwa siri, kana kwamba ni jambo la aibu. Taasisi ya Benjamin Mkapa imeshaonyesha kwa miaka mingi kwamba watumishi wa afya wa mkataba wanaweza kupelekwa wilaya za pembezoni wakafanya kazi na wakabaki. Njia ipo, haianzii sifuri.

Waliosomea nje nao nawaombea. Mtanzania aliyekwenda Uganda akasoma sekondari na stashahada ya uuguzi huko anarudi na kukuta milango kadhaa: Baraza la Mitihani kwa ulinganifu wa vyeti vya shule, NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa stashahada (kama ni shahada, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu), ndipo afike Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo nalo linaweza kumtaka akae hospitalini chini ya uangalizi na afanye mtihani. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi sipingi kamba. Anayemshika mama yangu lazima athibitishwe. Ugumu ni kwamba kila mlango una ada yake na siku zake, na mlango mmoja hauzungumzi na mwingine. Chuo cha nje kikichelewa kujibu barua ya uthibitisho, faili linalala na mwenyewe haambiwi limelala wapi. Niliwahi kukaa na binti mmoja wa namna hii, ana mikono mizuri kuliko wengi niliowafundisha, akafikia kuniuliza kama aanze upya chuo hapa nchini. Nilikosa la kumjibu.

Kwa hili haihitajiki sheria mpya. Iwekwe namba moja ya faili inayofuatwa na ofisi zote, na siku za mwisho za kujibu zitangazwe hadharani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Itifaki ya Soko la Pamoja tangu Julai 2010, na wahandisi, wahasibu, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo walishasaini makubaliano ya kutambuana. Anayetibu ng'ombe ametangulia. Naomba Wizara yako iusukume upande wa wauguzi na wakunga, ikishirikiana na mabaraza ya nchi jirani. Na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina baraza lake na Bara lake. Muuguzi wa Unguja anayeolewa Tanga asitendewe kama aliyetoka ng'ambo.

Nafahamu bajeti ina mipaka, na nafahamu mwaka wa usimamizi nilioutaja utahitaji vikao na Hazina. Lakini yapo ya kuanza nayo mwezi huu. Baraza linaweza kusimamisha ada ya kuhuisha leseni kwa yule ambaye hajawahi kuajiriwa, hadi apate kazi ya kwanza. Wizara na TAMISEMI wanaweza kutoa waraka mmoja kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya: kila anayejitolea aandikwe kwenye daftari moja la kielektroniki kwa namba yake ya usajili, zamu zake zihesabiwe, msimamizi wake asaini, na kumbukumbu hiyo isomwe moja kwa moja na mfumo wa ajira bila kijana kuhangaika na barua. Akifanya kazi chini ya msimamizi aliyetajwa kwa jina, alama zake za mafunzo endelevu ziingie humohumo. Na umri nao uangaliwe: ukomo wa kuingia utumishi wa umma ni miaka 45, na wapo waliokuwa wakilipwa na miradi ambao wanaukaribia wakiwa kwenye foleni.

Nikiagizwa kuleta majina ya wanaojitolea katika wodi yangu, pamoja na zamu walizofanya, ninayo. Nimekuwa nikiyaandika mwenyewe kwenye daftari la kawaida, na wenzangu wa wodi nyingine nao wanayo ya kwao. Nitayawasilisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya siku utakapotoka waraka huo.

Wako katika utumishi,

Muuguzi Mkunga,
Hospitali ya Wilaya, Mkoa wa Tabora.

Nakala:
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI
Waziri mwenye dhamana ya Utumishi wa Umma
Msajili, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania